Yakini ya Kutwa Moja

Jambo nililokusudia kulizungumza leo, ingawa halinunuliwi wala haliuzwi katika soko lolote la mkoa wetu wa Songwe, hutafutwa na watu wengi kuliko wanaotafuta mahindi na kahawa. Nalo ni yakini ya moyo, yaani mtu kujua, anapofumbua macho asubuhi, kwamba yu mikononi mwa Mungu, na kwamba siku iliyo mbele yake ina maana hata kama haina fedha.

Aghalabu twaitaka yakini hiyo ije mara moja na itoshe maisha mazima. Kijana aliyemaliza shule akakosa kazi hutaka aambiwe leo mambo yake yatakavyokuwa baada ya miaka kumi. Mkulima hutaka aijue bei ya kahawa ya msimu ujao kabla hajapalilia ya msimu huu. Mgonjwa hutaka ahakikishiwe kupona, na mama aliyefiwa na mtoto hutaka aelezwe sababu. Walakini Mungu wa Maandiko hana desturi ya kumfungulia mja wake kitabu cha miaka kumi. Aliwalisha wana wa Israeli jangwani kwa mana ya siku moja, na waliojiwekea akiba kwa hofu ya kesho waliikuta imeoza, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Na Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kusali, riziki aliyowaagiza waiombe ni ya siku, wala si ya mwaka. Nami nasadiki kwamba yakini nayo hutolewa kwa kipimo kile kile, kutwa kwa kutwa, na kwamba haiji peke yake: huja pamoja na kazi ya siku hiyo, na mwenye kuikimbia kazi huikosa na yakini.

Sisi wa nchi hii ya Mbozi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana Injili ilitufikia kwa mikono ya watu ambao desturi yao yote ya dini ilijengwa juu ya jambo hilo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian kutoka Ujerumani, Theodor Meyer na wenzake, walifika katika nchi ya Rungwe. Na mwaka 1899 Traugott Bachmann akaanzisha kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha, akakaa hapo miaka kumi na saba, akajifunza lugha kutoka kwa wenyeji, na kwa msaada wao akalifasiri Agano Jipya kwa Kinyiha, tafsiri iliyopigwa chapa mwaka 1913. Watu hao walikuja na Biblia, na nyundo, na mbegu. Lakini walikuja pia na kitabu kidogo ambacho wanahistoria hawakipi nafasi kubwa, kwa kuwa ni kitabu kisicho na fahari, chenye aya za Biblia zilizopangwa moja kwa kila siku ya mwaka.

Asili ya kitabu hicho yastahili kusimuliwa. Jan Hus, padri wa Bohemia aliyedai kwamba hata mapapa na maaskofu wako chini ya hukumu ya Maandiko, alichomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415, na waliofuata mafundisho yake wakaunda mwaka 1457 umoja wa ndugu ambao baadaye uliandamwa na watawala kwa vizazi vingi, hata ukadhaniwa umekwisha. Mabaki yao walitoroka Moravia, wakapata makimbilio katika ardhi ya mtu mmoja mwungwana wa Saksonia, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na mwaka 1722 wakakata mti wa kwanza wa kijiji walichokiita Herrnhut. Msidhani kwamba walikuwa malaika. Waligombana juu ya mafundisho, wakasengenyana, wakagawanyika makundi, hata tarehe 13 Agosti 1727 walipopatanishwa katika meza ya Bwana kwa namna waliyoikumbuka maisha yao yote. Mwaka uliofuata, jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf aliwapa neno moja fupi la kulichukua kesho yake. Na tangu hapo ikawa desturi kwamba kila asubuhi ndugu mmoja apite nyumba kwa nyumba, nazo zilikuwa thelathini na mbili, abishe hodi, awape wenye nyumba neno la siku, na papo hapo aulizie hali: nani mgonjwa, nani ana huzuni, nani amepungukiwa.

Naomba tusipite haraka hapo. Neno la siku halikuanza kama karatasi ya kusomwa na mtu mmoja chumbani mwake. Lilianza kwa miguu ya mtu na kwa hodi mlangoni, na aliyelileta hakuondoka bila ya kujua kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyelala na njaa. Mwaka 1731 maneno hayo yalitolewa kwa mara ya kwanza kitabuni, na tangu wakati huo kitabu kimetoka mwaka baada ya mwaka, katika vita na katika amani, nacho sasa husomwa kwa lugha zaidi ya hamsini. Lakini tukikisoma kitabu tukaisahau hodi, tumeshika nusu ya urithi wetu, na nusu hiyo ndiyo nyepesi.

Yuko atakayeuliza, na swali lake ni la haki: je, aya hizo huchaguliwaje? Zile za Agano la Kale hupigiwa kura huko Herrnhut. Aya zipatazo elfu moja na mia nane zimewekwa katika chombo, nazo hutolewa moja moja, miaka mitatu kabla ya siku zitakaposomwa, kisha hutafutwa aya ya Agano Jipya ya kuandamana na kila moja. Hapo mtu wa kwetu, ambaye amekwisha kuona bao la mganga na mchanga wa mpiga ramli, aweza kusema kwamba ni mambo yale yale yaliyovishwa kanzu. Mimi nakataa, na sababu zangu ni hizi. Mpiga ramli hupiga kwa ajili ya mtu fulani, amwambie ni nani aliyemroga, au mke gani aoe, au safari ipi itakuwa na kheri. Huuza habari za kesho, na mnunuzi hurudi nyumbani na adui mpya, kwa kawaida jirani au shangazi yake mzee. Neno la siku halina jina la mtu. Tajiri na maskini, mchungaji na mfungwa, husoma lile lile siku ile ile, nalo halisemi lolote juu ya kesho. Humkumbusha msomaji tabia ya Mungu, kisha humwachia afanye kazi yake kwa akili na dhamiri aliyopewa. Wamoravian wenyewe walipata kuteleza katika jambo hili, maana zamani walipiga kura hata katika ndoa, mpaka sinodi yao ya mwaka 1818 ilipoliondoa sharti hilo kwa waumini wa kawaida. Na mimi naona walifanya vyema, kwa kuwa imani inayomwondolea mtu mzigo wa kuamua imegeuka kuwa uvivu. Leo pia wako watu wafunguao Biblia kwa macho yaliyofumbwa, wakaweka kidole mahali popote, wakitaka kujua kama wamkopeshe fulani au wasimkopeshe. Ndugu zangu, hilo ni ramli, hata likifanywa madhabahuni.

Sasa tutazame jinsi yakini ya namna hiyo inavyofanya kazi inapojaribiwa. Mwaka 1736, mwezi wa Januari, kasisi kijana wa Kiingereza, John Wesley, alikuwa katika jahazi kubwa lililokuwa likivuka Bahari ya Atlantiki kwenda Georgia, na ndani yake walikuwamo Wamoravian wakiwa safarini na wake zao na watoto wao. Walipokuwa wameanza ibada ya kuimba, bahari ilichafuka, wimbi likavunjikia juu ya jahazi, likapasua tanga kuu, na maji yakamiminika kati ya sitaha. Waingereza wakapiga mayowe, lakini Wamoravian waliendelea kuimba. Wesley alimwuliza mmoja wao baadaye kama hakuogopa, akaambiwa hapana. Akauliza juu ya wanawake na watoto, akajibiwa kwamba na wao hawaogopi kufa. Jibu hilo lilimtesa miaka miwili, mpaka jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa Barabara ya Aldersgate mjini London, aliposikia yakisomwa maneno ya Luther ya utangulizi wa Waraka kwa Warumi, akapata moyoni ithibati kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, zake yeye hasa.

Wahubiri wengi hukomea hapo, na msikilizaji akabaki akidhani kwamba Wesley tangu jioni ile hakuona tena shaka. Si kweli. Mwezi wa Januari 1739, miezi kama minane tu baadaye, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye si Mkristo, kwa maana hakuona ndani yake upendo na furaha anayopaswa Mkristo kuwa nayo. Jambo hilo hunifariji kuliko jioni ya Aldersgate yenyewe. Kwani baada ya kuyaandika maneno hayo alitoka akahubiri. Na katika mwaka ule ule alianza kuhubiri uwanjani, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe ambao kanisa lilikuwa limewasahau, akaendelea hivyo zaidi ya miaka hamsini. Hakungoja moyo upate joto ndipo ashike njia. Alishika njia, na joto likamjia au likakawia kwa kadiri ya mapenzi ya Mungu. Mtu anayepima imani yake kila saa kwa hisia za moyo wake atapatwa na homa ya roho isiyokwisha, ilhali mwenye kuamka na kuitimiza sala yake na kazi yake, awe na furaha au asiwe nayo, ndiye ambaye baada ya miaka hujikuta amesimama imara.

Nimesema ya Ulaya ya kutosha. Narudi nyumbani, mahali ambapo habari yenyewe ina uzito kwetu. Mwezi wa Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakaingia katika nchi hizi zetu za kusini magharibi, na wamisionari wa Kijerumani wa Rungwe na Mbozi, wakihesabiwa kuwa raia wa adui, waliondolewa katika vituo vyao. Hebu fikirini. Ukristo wa Mbozi ulikuwa na umri wa miaka kumi na saba tu. Waliobatizwa kwanza walikuwa bado hai, wakiwa watu wa makamo. Agano Jipya la Kinyiha lilikuwa na miaka mitatu. Mtu aliyesimamia shule, dawa, ubatizo na shauri la kila aina ameondoka kwa amri ya askari, na hakuna ajuaye kama atarudi. Vijana wamekamatwa kuwa wapagazi, wabebe vyakula na risasi za vita ambavyo hawakuvianzisha wala hawakuambiwa sababu yake, na wengi katika wapagazi wa vita vile hawakurudi makwao. Kisha vita vikapita tena mlangoni: mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi likielekea Fife, upande wa pili wa mpaka karibu na Tunduma yetu, na likaweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Nyuma ya majeshi hayo ikaja njaa, na ugonjwa wa mafua uliowaua watu pande zote za dunia haukuiacha Afrika ya Mashariki.

Kwa hesabu ya kibinadamu kanisa lile lilipaswa kufa, nalo halikufa. Walimu na wainjilisti wenyeji, na wazee wa kanisa, wanaume na wanawake, waliendelea kukusanya watu, kufundisha watoto kusoma, kuzika wafu na kuwatuliza wajane. Kwa muda wa miaka kadha baada ya vita wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, waliviangalia vituo vya Wamoravian kwa kadiri walivyoweza, lakini walikuwa wachache na njia ilikuwa ndefu. Na Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920, walikuta ushirika si tu kwamba upo bali umekua. Vita vya pili vilipozuka, Wajerumani waliondolewa tena, na safari hii hakuna aliyeshangaa kwamba kanisa lilisimama. Mwaka 1966 Kanisa la Moravian nchini mwetu lilimpata Teofilo Kisanji, mwana wa nchi hii, kuwa askofu wake. Na chuo kikuu cha kanisa hilo mjini Mbeya kina jina lake mpaka leo.

Watu wa Mbozi wa mwaka 1916 walikuwa na yakini gani? Hawakuwa na habari za kesho. Hawakuwa na mshahara, maana aliyelipa amekwenda. Hawakuwa na dola ya kuwalinda, kwa kuwa dola mbili zilikuwa zikipigana juu ya vichwa vyao. Walikuwa na neno, katika lugha ya mama zao, na walikuwa na kazi iliyokuwa ikiwangoja kila kulipokucha: darasa la watoto, mgonjwa wa kuangaliwa, maiti wa kuzikwa kwa heshima. Naamini kwa dhati kwamba kama wangalikaa wakingoja uhakika kamili ndipo watende, wangalingoja miaka kumi na shule zingeota majani. Walitenda kwa yakini ya kutwa moja, wakalala. Kulipokucha wakapewa nyingine.

Mambo ya namna hiyo yalimfika hata msomi mkubwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyepinga utawala wa Hitler, alifika New York mwezi wa Juni 1939, akiwa ameitwa na marafiki waliotaka kumwokoa na vita vilivyokuwa vikikaribia. Alikuwa na usalama, kazi na heshima, na moyo wake haukutulia hata siku moja. Katika kumbukumbu alizoandika wiki zile aliyazingatia maneno ya siku ya kitabu kile kile cha Herrnhut. Na mojawapo, kutoka kwa nabii Isaya, lilihusu mwenye kuamini, kwamba hakimbii. Tena alipousoma waraka wa Paulo kwa Timotheo mahali anapomsihi aje kabla ya majira ya baridi, aliona kana kwamba ameambiwa yeye. Hakupata hakika kwamba anachofanya ni sawa. Aliandika waziwazi kwamba hazijui sababu zake zote. Mwezi wa Julai alipanda meli akarudi kwao, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Simtaji ili kumtisha mtu. Namtaja kwa kuwa wako wanaofundisha kwamba dalili ya kuwa na Mungu ni mambo kukunyookea, na mtu huyu, aliyeshika neno la siku yake barabara, alipelekwa nalo mahali pa kufa.

Mafundisho hayo ya kunyookewa yameenea mno katika miji yetu ya mpakani, nami sitaacha kuyasema. Tunduma ni mji wa watu wenye haraka na wasiwasi: biashara hufunguliwa leo na kufungwa kesho kwa sababu ya kodi, ya kwacha kupanda au kushuka, ya lori kuharibika njiani, na pale penye wasiwasi ndipo penye wanunuzi wa hakika. Kwa hiyo huuzwa mafuta, huuzwa maji, huuzwa vitambaa, na mama aliyeuza nyanya kutwa nzima juani huambiwa apande mbegu ya fedha ili avune gari. Asipovuna huambiwa imani yake ni haba. Nalia na waalimu wa namna hiyo, si kwa wivu, bali kwa sababu wanamnyang'anya yule mama vitu viwili kwa mkupuo mmoja, akiba yake na Mungu wake. Kwani akisha kuona kwamba gari halikuja, atadhani Mungu ndiye aliyemdanganya. Sisi tulio jirani na kimondo cha Ndolezi, ambacho watu hutoka nchi za mbali kuja kukitazama, tumezoea kustaajabia kitu kilichoanguka mara moja kutoka mbinguni. Lakini rehema ya Mungu haikuahidiwa kutujia kwa kishindo cha namna ile, na mwenye kukesha akingoja kishindo huenda asiione rehema iliyokwisha kuingia nyumbani mwake kwa mlango wa kawaida.

Na mlango wa kawaida ni kazi. Wamisionari wa kwanza kabisa waliotumwa kutoka Herrnhut, mwaka 1732, kwenda katika kisiwa cha Mtakatifu Thomas kuwahubiri watumwa wa Kiafrika waliokuwa wakiteswa katika mashamba ya miwa, hawakuwa wanazuoni: Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, na David Nitschmann alikuwa seremala. Hawakuacha ufinyanzi na useremala ili wamtumikie Mungu, walikwenda nao. Vijana wengi huniuliza kusudi la maisha yao ni lipi, nao hutarajia nitawatajia jambo kubwa lenye jina kubwa. Mimi huwauliza wana kazi gani mikononi, na ni nani anayepata nafuu kwa kazi hiyo. Mkulima wa kwetu Igamba anayepanda mche wa kahawa hungoja miaka mitatu hivi kabla hajachuma kwa maana. Katika miaka hiyo hupalilia, hupogoa, hutia samadi, hupambana na ugonjwa wa chule, na hakuna asubuhi hata moja anayoweza kuuambia mti uzae leo. Akiifanya kazi hiyo kwa uaminifu, asichanganye kahawa mbichi na mbivu ili kuongeza uzito, asimpunje kibarua aliyemsaidia kuchuma, basi anamtumikia Mungu kwa ukamilifu ule ule wa mchungaji aliye mimbarani. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva anayekataa kuendesha akiwa na usingizi ijapokuwa tajiri wake amekasirika, mwalimu anayemrudia mtoto mzito wa kuelewa mara ya tano bila ya kumtukana, hao wote wanalo kusudi, na hawana haja ya kusubiri njozi.

Desturi ninayowasihi wasikilizaji waishike ni sahili. Kabla ya simu kushikwa asubuhi, lisomwe neno, fupi, kwa sauti, mbele ya watoto. Wasiojua kusoma wasikie, na mtoto wa darasa la tatu apewe zamu ya kusoma, maana hujifunza mambo mawili kwa pamoja. Isaliwe sala ya siku, si ya mwaka. Kisha aulizwe kila mmoja ana kazi gani leo, na ni nani katika mtaa anayepaswa kubishiwa hodi. Ndugu zetu Waislamu wameigawa siku kwa sala tano, na mtu aliyeishi nao kwa ujirani mwema ameona jinsi saa zao zinavyokuwa na kamba ya kuzishika. Sisi Wakristo tumezilegeza saa zetu mpaka Jumapili imebaki peke yake, na twashangaa kwa nini Alhamisi hatuna nguvu.

Najua wako wanaonisikiliza ambao msiba wao ni mzito kuliko maneno yangu. Kwao sina hoja. Ninalo jambo moja tu la kuwakumbusha. Alfajiri ya Pasaka, tangu mwaka 1732 huko Herrnhut, Wamoravian wamekuwa na desturi ya kwenda makaburini, na desturi hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu. Huenda pamoja, wazee na watoto, wakasimama kati ya wafu wao, wakaimba mpaka jua likachomoza. Hakuna anayeambiwa asilie. Mwenye kaburi jipya husimama bega kwa bega na mwenye kaburi la miaka arobaini, na yule wa zamani ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu huweza kufika mpaka leo akiwa na huzuni yake na imani yake pamoja.

Lipo ombi ninalotaka kulitoa kwa watu wa Igamba, na wa Mbozi yote, na hasa kwa walimu wa shule na viongozi wa ushirika. Majina ya wamisionari yamepigwa chapa. Bachmann alikiandika kitabu cha maisha yake mwenyewe, na kingine juu ya mwinjilisti mmoja wa kwetu, Ambilishiye. Lakini wale walioshika kanisa kuanzia mwaka 1916, walipoachwa peke yao, wengi wao majina yao yamo vinywani mwa wajukuu na vitukuu, na wajukuu hao sasa ni wazee sana. Chukueni daftari na kalamu. Nendeni kwa bibi na kwa babu, kaeni chini, waulizeni ni nani aliyefundisha watoto mwaka wa njaa, ni nani aliyezika, mahali gani watu walikusanyika, walisoma sehemu gani ya Maandiko na waliimba nini. Andikeni kwa Kinyiha kama wanavyosema, kisha kwa Kiswahili, mkaweke nakala moja katika ofisi ya kanisa na nyingine katika maktaba ya shule. Msingoje mfadhili, wala mtafiti kutoka ng'ambo, wala sherehe ya jubilei. Bibi mwenye habari hizo yuko kijijini kwenu wiki hii, na daftari lauzwa dukani.